Mama Vipande na Pumzi za Shangazi

Ukiuliza pale redioni Mama Vipande anapatikana wapi, utaelekezwa kwenye ujia wa chini, mlango wa mwisho, ule mzito uliovishwa sponji, na utaonywa usiingie na kikombe cha chai. Chumba chenyewe kilikuwa studio zamani. Kuta bado zina matuta ya kumeza mwangwi, na dirisha la kioo linalotazama chumba cha fundi mitambo bado lipo, ingawa siku hizi upande wa pili kumejaa maboksi ya nyaya. Hakuna anayesoma wala kuimba humo tena. Kuna kompyuta kumi na mbili juu ya meza ndefu, kila moja na umri wake na tabia zake, na mwanamke mmoja mwenye miwani iliyopandishwa kwenye paji la uso, anayezisimamia kama nyapara asiye na simile.

Kompyuta hizo hazikununuliwa kwa ajili yake. Zilikuja moja moja, kila ofisi ya ghorofani ilipopata mpya na kutaka kuondoa ya zamani. Yeye alizipokea kama jamaa waliokosa pa kwenda, akazipa na majina. Kongwe kuliko zote inaitwa Babu, na feni yake hukohoa kabla ya kuanza kazi. Ile inayong'aa, iliyotoka mezani kwa mkurugenzi mwenyewe baada ya kumwagikiwa soda, inaitwa Bibi Harusi, kwa sababu humaliza haraka kila inachopewa kisha hukaa kupendeza. Zote amezifunga pamoja kwa nyaya ili zifanye kazi moja, nayo ni kusafisha sauti za zamani. Kanda zilizorekodiwa miaka mingi iliyopita, zilizojaa mchakacho na mikwaruzo, huingizwa kwenye kompyuta. Kompyuta husikiliza, hutenganisha uchafu na sauti ya mtu, hutoa uchafu, humwacha mtu. Mashine moja ikiachiwa kazi yote hiyo peke yake ingestaafu kabla ya kumaliza. Kwa hiyo kazi hukatwa vipande na kugawanywa, na ni katika kukata na kugawa ndimo mwanamke huyu alimopatia jina.

Jina halimkeri hata kidogo. Mumewe, fundi wa mafriji na mtu wa maneno mengi, husema nyumbani kwake hakuna kufua nguo, kuna kupanga mzigo. Taulo nzito huanikwa kwanza, mashati baadaye, soksi mwisho kabisa, na ole wake atakayeanza na soksi. Akitania hivyo mbele ya wageni, mkewe hucheka, lakini jicho lake huenda kwenye kamba ya nguo kuhakikisha.

Ila huwezi kumwelewa mwanamke huyu bila kuanza na shangazi yake.

Shangazi, dada mkubwa wa baba yake, alikuwa mtangazaji. Si mtangazaji wa kupiga porojo na kucheka na wanaopiga simu, la. Alisoma taarifa ya habari ya jioni, ile ambayo watu wazima walikuwa wakinyamazisha watoto ili waisikie. Alikuwa na sauti nzito kidogo, iliyonyooka, isiyomwonea mtu haya, na kuna watu waliomheshimu kuliko wakubwa waliosomwa kwenye habari zake. Wazazi wa Mama Vipande walikuwa walimu, wakihamishwa kila walipoanza kuzoea mahali, hivyo binti akalelewa kwa shangazi ili asome shule moja hadi amalize. Mama yake hupenda kusimulia kwamba mtoto huyo alizaliwa redio ikiwa imewashwa wodini, na wauguzi wakimwomba mzazi alie polepole maana wanasikiliza habari. Huenda ametia chumvi, lakini hadithi hiyo wameirudia mpaka imekuwa ya familia nzima.

Nyumbani kwa shangazi palikuwa na adabu zote za kawaida, na juu yake palikuwa na adabu ya pumzi. Mtoto alisomeshwa gazeti kwa sauti kila jioni, amesimama wima, na akipumua mahali pasipostahili alirudishwa mwanzo.

"Ukipumua katikati ya sentensi," shangazi alikuwa akimwambia, "unamwambia msikilizaji umechoka. Na yeye hajakuuliza habari zako."

Binti alijifunza kusoma vizuri sana, kisha akamvunja moyo shangazi yake kwa kupenda vitufe. Kila alipopelekwa studio alisimama upande wa fundi mitambo, akitazama mishale ya sauti ikicheza, na kipaza sauti hakikumwita hata siku moja. Alisomea kompyuta, akafanya kazi huku na kule, akaishia redio ile ile, chini, kwenye maktaba ya sauti. Shangazi hakumkataza. Alitikisa kichwa tu na kusema, "Watu wetu wa nyuma ya kioo ni watu muhimu pia," kwa namna ile ambayo neno "pia" humchoma mtu. Mama Vipande alilibeba neno hilo kifuani miaka mingi, na tuseme ukweli, lilimuuma.

Kisha shangazi akaugua koo. Madaktari walimpasua, wakamwokoa, lakini kilichomtengenezea sauti hawakuweza kukiacha. Alirudi nyumbani na kitambaa cheupe shingoni na kibao cheusi cha kuandikia kwa chaki. Redio yake ya mezani, iliyokuwa haizimwi, aliifunika kwa kitambaa na kuweka chombo cha maua juu yake. Wapwa na wajukuu walielewa, wakaacha kuzungumzia mambo ya redio mbele yake. Mama Vipande naye alielewa, ila hakukubali. Kichwani mwake aliapa kwamba siku moja shangazi ataisikia tena sauti yake.

Nafasi ilikuja kwa njia mbaya. Bomba lilipasuka kwenye stoo ya kanda, maji yakaingia, na kufikia asubuhi lebo zote zilikuwa zimebanduka na kuelea kama majani ya chai. Mama Vipande na Kaka Waya, fundi umeme wa redio, kijana mrefu asiyejua kunong'ona, walizitandaza kanda kwenye meza zote za ujia, wakazikausha, wakaanza kuzipiga moja moja na kuziingiza kwenye kompyuta kabla ukungu haujazimaliza. Hawakujua tena ipi ni ya mwaka gani. Lakini katikati ya mchakacho wa kanda ya kwanza Mama Vipande aliinua mkono, na Kaka Waya kwa mara ya kwanza maishani mwake akanyamaza. Chini kabisa, kama mtu anayeongea upande wa pili wa mvua, shangazi alikuwa akisoma habari.

Mama Vipande alipanda ngazi siku hiyo hiyo kwenda kwa mkurugenzi. Mkurugenzi si mtu mbaya. Ni mtu mwenye tai fupi na matatizo mengi, na tatizo la wiki hiyo lilikuwa ofisi ya uhasibu iliyotaka kompyuta.

"Nilikuwa naja kwako," alimwambia. "Nasikia zile mashine zako nyingi zinalala tu."

"Hazilali, bosi. Sasa hivi zina kazi kuliko wakati wowote." Akamweleza habari za kanda. "Nipe mpaka Ijumaa mchana. Nikikuletea taarifa za shangazi zikiwa safi, uziweke hewani Jumamosi, na mashine zibaki kwangu. Nikishindwa, zichukue."

"Na kanda?"

"Kanda zitarudi stoo. Na stoo unaijua."

Mkurugenzi aliijua. Alikubali, na Mama Vipande akashuka ngazi akiwa na furaha na hofu kwa pamoja, maana alikuwa ameweka rehani chumba chake chote, na sauti ya shangazi ndani yake.

Mgawo wa kwanza aliufanya kama ambavyo mtu yeyote mwenye haki angeufanya: sawa kwa sawa. Kanda zote zikahesabiwa, kila mashine ikapewa idadi ile ile, akawasha, akaenda nyumbani akiwa ametulia. Asubuhi yake alifungua mlango akakuta chumba kiko kimya kiasi cha kumtia wasiwasi. Bibi Harusi ilikuwa imemaliza fungu lake tangu jana na ilikuwa inapendeza. Nyingine zilikuwa zimemaliza alfajiri. Babu peke yake, pamoja na mwenzake mmoja aliyeangukiwa na kanda zenye ukungu kuliko zote, walikuwa wanahema pembeni, hata nusu hawajafika. Na kazi ya pamoja, ndugu msomaji, humalizika anapomaliza wa mwisho. Wa kwanza hata akimaliza kabla ya chai, bado mnamsubiri Babu.

Ndipo mkurugenzi akaingia, na nyuma yake mkuu wa uhasibu. Walitazama mashine kumi zilizokaa bila kazi.

"Hazilali, eh?" mkurugenzi alisema.

Mkuu wa uhasibu alitoa tepu ya kupimia akaanza kupima upana wa Bibi Harusi.

Walipoondoka, Mama Vipande alikuwa amevimba kwa hasira, na hasira yake ikamharakisha. Akaapa hakuna mashine itakayotega kazi tena. Alizikata kanda zote vipande vidogo vidogo, vya sekunde chache chache, akavirundika mahali pamoja kwenye kompyuta kuu, na kuweka sheria moja: mashine ikimaliza kipande, inakuja yenyewe kuchukua kingine. Mwenye mbio achukue vingi, mzee achukue anavyoweza, na hakuna wa kumsubiri mwenzake. Wazo lilikuwa zuri, usimcheke. Feni zote kumi na mbili zikaanza kuvuma kwa pamoja, taa zikawaka, Babu akakohoa na kuingia kazini. Mama Vipande alisimama katikati ya chumba mikono kiunoni, kichwa kimevimba.

Kufikia jioni, rundo lilikuwa karibu vile vile lilivyoanza.

"Zinahangaika," Kaka Waya alisema kwa sauti yake ya sokoni, sikio likiwa juu ya Bibi Harusi. "Lakini kazi siioni, mama."

Alikuwa amesema kweli. Kila mashine ilipochukua kipande, ilibidi kwanza isikilize mchakacho wake iujue, ndipo ianze kuutoa. Kipande kilikuwa kifupi mno, hivyo kabla haijatumia ilichojifunza kimekwisha, inakirudisha, inakimbilia kingine, inaanza kujifunza upya. Ilikuwa sawa na kwenda dukani kununua njiti moja ya kiberiti kila unapotaka kuwasha jiko. Siku nzima imekuwa ya njiani. Mama Vipande alizima rundo, akachukua dakika chache zilizokuwa zimekamilika, akazitia kwenye simu yake. Alijiambia anataka maoni. Ukweli ni kwamba alikuwa amekata tamaa na alitaka kumwona shangazi yake.

Shangazi alikuwa sebuleni, kitambaa chake shingoni kimepigwa pasi.

"Shikamoo, shangazi."

Shangazi alinyanyua mkono wa marahaba na kuelekeza kiti. Mama Vipande hakukaa. Alimwekea hedifoni mapajani, akamweleza ni nini. Uso wa shangazi ulifungwa. Kwenye kibao aliandika, kwa mwandiko ulionyooka kama sauti yake ya zamani: *Iliyokwisha imekwisha.*

"Dakika moja tu, shangazi. Kwa ajili yangu."

Shangazi alizivaa, akasikiliza akiwa amefumba macho. Haikufika dakika. Alizivua, akaziweka mezani kwa uangalifu, akashika chaki.

*Nani huyu anapumua mahali pangu?*

Akafuta, akaandika tena: *Kila baada ya maneno matano. Kama mtu anayepanda ngazi. Mimi sikupumua hivyo hata siku moja.*

Mama Vipande alitaka kusema ni mashine, ni viungio, ni kazi ambayo haijakamilika, lakini aliona macho ya shangazi yamelowa, na shangazi aliona kwamba ameyaona, akageuzia uso dirishani. Mama Vipande alimuaga kwa adabu, akatoka akiwa amekasirika, na mtu aliyemkasirikia alikuwa yeye mwenyewe.

Kwenye kituo cha basi alizivaa hedifoni akasikiliza tena. Sasa alisikia. Kila kipande kilipoungana na kingine, mchakacho ulipanda kidogo na kushuka, kwa sababu mashine moja ilikuwa imeusafisha zaidi na jirani yake kidogo tu. Kupanda na kushuka huko kulisikika kama pumzi. Alikuwa amekata kwa saa, sekunde kwa sekunde, kama mtu anayekata sabuni ya mche kwa rula. Mwanamke aliyeinukia katika nyumba ya pumzi, aliyerudishwa mwanzo wa gazeti mara zisizo na idadi, alikuwa amemkata shangazi yake katikati ya sentensi. Basi lilikuja likaondoka, yeye amesimama pale pale akijiita majina ambayo hayafai kuandikwa.

Kesho yake alianza upya, na sasa alijua anakwenda wapi. Alizifundisha mashine kutafuta pumzi. Shangazi alipumua mwisho wa sentensi, wakati mwingine mwisho wa habari nzima, na hapo ndipo kisu kilipotakiwa kupita. Vipande vikatoka vya kila namna, kimoja kirefu, kingine kifupi, na hilo halikumsumbua, maana kwenye rundo hakuna anayedai kipande kilingane na cha jirani. Vilikuwa vikubwa vya kutosha mashine ijifunze mchakacho mara moja na kuutumia. Na kila kipande alikiongezea ncha kidogo ya kile kinachotangulia na ncha kidogo ya kile kinachofuata, kilalie mwenzake kama bati linavyolalia bati, ili panapoungana pasivuje. Mwisho alionja kila kimoja kidogo, akakisia uzito wake kwa ukungu wake, akapanga foleni: vizito mbele, vyepesi nyuma, vile vya kimya kitupu mkiani kabisa, vije kujaza mapengo wakati wenye nguvu wanamalizia. Taulo kwanza, soksi mwisho.

Mkurugenzi alipita akatazama foleni kwenye kioo cha kompyuta.

"Mbona hukugawa sawa?" aliuliza. "Huyu Babu ana viwili, yule mwingine ana tisa."

"Bosi, ukiwagawia mzigo sawa mtu mzima na mgonjwa, hujawatendea sawa. Nimewagawia jasho sawa."

Mkurugenzi alifikiri kidogo. "Ningekuwa na wewe kwenye uhasibu," alisema, akaondoka zake.

Ijumaa asubuhi chumba kilikuwa kinavuma vizuri. Mtu aliyezoea mashine husikia tofauti ya kuhangaika na kufanya kazi, na Mama Vipande aliisikia tangu ujiani, kabla hajafungua mlango. Rundo lilikuwa limeyeyuka. Alivuta kiti akakaa mbele ya kioo, na kile alichokuwa amekipigania wiki nzima kikatokea mbele ya macho yake: mashine ya kwanza ikamaliza, ya pili ikafuata, ya tatu na ya nne pamoja, zikifuatana kama watu wanaotoka kwenye nyumba moja. Hakuna iliyokuwa imetega, hakuna iliyokuwa imeuawa kwa kazi. Alijivunia. Alijivunia waziwazi, akampiga Kaka Waya kofi la bega, na kama angekuwepo mtu mwingine angempiga na yeye.

Ikabaki taa moja. Babu.

Babu alikuwa amechukua kipande cha mkiani, kifupi, karibu kimya kitupu, kipande ambacho Mama Vipande mwenyewe alikipima kuwa soksi. Dakika zikapita. Feni ikakohoa. Kipande hakikutoka.

"Kuna nini humo?" Kaka Waya aliuliza.

Mama Vipande alichungulia. Sentensi ilikuwa imeanza, na katikati yake, mahali ambapo shangazi asingepumua hata kwa dawa, palikuwa na kimya kirefu. Si kimya kamili. Ndani yake mlikuwa na kitu kidogo sana, na mashine ilishindwa kuamua kama ni uchafu au ni mtu, ikawa inazunguka pale pale, inatoa, inarudisha, inatoa tena.

Mlangoni wakatokea wachukuzi wawili wa redio na mkokoteni wao, na nyuma yao mkurugenzi akitazama saa.

"Kitupe," Kaka Waya alinong'ona, au alidhani amenong'ona. "Weka kimya mahali pake. Nani atajua?"

"Shangazi atajua."

Hakumpokonya Babu kipande. Aliichukua nakala yake akampa Bibi Harusi, aliyekuwa amekaa bure, wakifanye wote wawili, atakayetangulia ndiye. Mkurugenzi aliuliza inamaanisha nini kumpa kazi moja watu wawili, akaambiwa asubiri. Wachukuzi wakaegemea mkokoteni. Bibi Harusi alikimbia kama kawaida yake, akamfikia Babu, na ilionekana wazi kwamba atampita. Lakini mzee alikuwa ameshatembea safari ndefu. Feni ikakohoa mara ya mwisho, taa yake ikazimika kwanza. Kaka Waya alirusha mikono juu, na Mama Vipande alilia kidogo, kisha akajifuta kwa ncha ya blauzi na kumgeukia mkurugenzi.

"Kaa usikilize, bosi."

Mkurugenzi alikaa. Wachukuzi nao walikaa, juu ya mkokoteni. Sauti ikajaza chumba kile kile shangazi alimosomea habari zamani, nzito kidogo, imenyooka, haimwonei mtu haya, na hakuna aliyeinuka mpaka taarifa ikaisha. Mkokoteni ulirudi mtupu.

Jumamosi jioni Mama Vipande alikwenda kwa shangazi mapema. Aliogopa atakuta mlango umefungwa. Alikuta shangazi amevaa gauni la bluu alilokuwa akivaa kazini, ameondoa chombo cha maua juu ya redio, na kitambaa amekikunja. Mama Vipande aliketi mkekani karibu na kiti chake, kama alivyokaa akiwa mtoto.

"Shangazi, kuna mahali pamoja," alisema kabla ya wakati kufika. "Sentensi imekatika katikati. Nimepakagua, sijaona kosa, lakini muda ulinibana. Nitapaziba kabla hawajaitangaza tena. Nisamehe kwa hapo."

Shangazi alimwekea mkono begani ili anyamaze, maana muziki wa taarifa ulikuwa umeanza.

Alisikiliza ameketi wima. Midomo yake ilikwenda pamoja na sauti, neno kwa neno, na kila sauti ilipopumua, kifua chake kilipumua. Hakuna aliyepumua mahali pake. Mama Vipande alimtazama yeye, hakuitazama redio, na neno lile "pia" alilolibeba miaka yote likatoka kifuani bila hata kuaga.

Kisha ikafika ile sentensi. Ilianza, ikafika katikati, ikasimama. Kimya. Ndani ya kimya, sasa safi kabisa, kikasikika kitu ambacho Babu alikihangaikia: mtu akivuta pumzi ghafla, na kicheko kidogo kikizuiwa. Kisha sauti ikaendelea, juu kidogo kuliko mwanzo, ikamaliza habari.

Mama Vipande aliinamisha kichwa. "Ndiyo hapo. Nitapaziba."

Chaki ilisikika kwenye kibao. Shangazi alimgeuzia.

*Hapo nilipumua mwenyewe. Usipaguse.*

"Wewe, shangazi? Katikati ya sentensi?"

Shangazi alifuta kibao kwa kiganja. Hakuandika. Alinyoosha kidole mbele, kwenye kioo ambacho hakikuwepo sebuleni, akawa sasa ni fundi mitambo wa siku ile, amesimama upande wa pili na simu begani. Akaikunja mikono yake miwili kifuani, akaibembeleza, kulia na kushoto, kama inavyobembelezwa mikono iliyobeba mtoto mchanga. Kisha akachukua chaki.

*Bibi yako alipiga simu kutoka wodini. Fundi akanionyesha hivyo kwenye kioo.*

Mama Vipande alisoma, akasoma tena. Redioni sauti ya shangazi ilikuwa inaendelea, imetulia, imenyooka, kana kwamba hakuna lililotokea. Shangazi alimgusa kidevu kwa kidole chenye vumbi la chaki, akamwinua uso, na kwa mdomo tu, bila sauti, akamwambia neno ambalo binti huyo hakuhitaji mashine yoyote kulisikia.

"Wewe."